Gari la Mjane wa Moa

Idarusi bin Shekhe alikuwa amefika miaka thelathini na minne, hana mke na hana gari, na kati ya mawili hayo lililomkosesha raha ni gari. Miaka kumi na miwili alikuwa akiendesha malori ya mkonge, akiteremsha marobota kutoka mashambani hadi bandarini Tanga. Njia ile aliijua shimo kwa shimo. Lakini kila jioni alimkabidhi mnyapara ufunguo, akarudi nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Usagara, kwa miguu, mikono ikining'inia kama ya mtu aliyenyang'anywa kitu njiani.

Gari jipya hakulitaka. Kulipata asingeweza, hilo ni kweli, lakini hata angeweza asingelitaka.

"Gari jipya ni kama mgeni wa siku ya kwanza," alizoea kuwaambia wenziwe. "Amekaa kitako vizuri, anakula kidogo, anacheka kwa adabu. Tabia yake hujaijua. Mimi nataka gari lililokwisha kukaa na watu, nijue linanuna lini na likinuna hubembelezwa vipi."

Mwaka wa hamsini na mbili, siku chache baada ya Idi, akapata habari kwamba kule Moa kuna mjane anauza boksibodi, yaani yale magari ya zamani yaliyokuwa chuma mbele na mbao nyuma. Idarusi hakulala na habari hiyo. Alimchukua rafiki yake Asheri, Mbondei wa Muheza, fundi wa magari aliyekuwa na karakana yake Ngamiani, wakaazima betri, wakanunua debe la petroli, wakadandia lori la chumvi mpaka Moa.

Gari walilikuta chini ya banda la makuti, nyuma ya nyumba ya baba wa mjane, Mzee Mjaka. Magurudumu yalikuwa yamezama mchangani nusu. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na kuku anaatamia, naye aliwatazama kama abiria aliyekwisha kulipa nauli yake. Idarusi akapenyeza kichwa dirishani, akapangusa vumbi kwenye saa ya maili. Sabini na moja elfu, mia tatu na sita.

Asheri alifunua boneti, akachungulia, akaifunika tena taratibu kama mtu anayemfunika maiti.

"Ndugu yangu," akasema, "hili si gari. Hili ni banda la kuku lenye usukani."

Kicheko kikatoka ndani ya nyumba. "Basi mwanunua banda au mwanunua kuku?"

Aliyetoka alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, amejitanda kanga vizuri, macho yake bado yanacheka ingawa mdomo ulikwisha kunyamaza. Huyo ndiye Mwatumu, binti wa Mzee Mjaka. Mumewe, Mwinyijuma, alikuwa mnunuzi wa mbata pwani yote ile, akafariki miaka mitatu nyuma. Mwatumu alipomaliza eda alirudi kwa baba yake na vitu viwili, kasha la nguo na gari lile. Nyuma yake alikuja mzee mwenyewe, Mpemba wa Wete aliyevuka kuja kupanda minazi tangu ujana wake, na Kipemba chake hakukiacha hata siku moja.

"Shikamoo mzee," alisema Idarusi.

"Marahaba. Mwaja nunua, ama mwaja cheka?"

"Tumekuja kununua, mzee, likiwaka."

"Litawaka," alisema Mwatumu. "Betri ndiyo iliyokufa, mashine haijafa. Kila mwezi hulizungusha kwa hendeli lisigande. Tieni hiyo petroli. Zungusheni mara mbili bila kufungua swichi, ya tatu fungueni. Na msilikemee."

Asheri alimtazama rafiki yake, akapandisha mabega. Wakafunga betri, wakatia petroli. Idarusi akashika hendeli, akazungusha mara moja, mara mbili. Ya tatu gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, kuku akaruka akakimbilia kwenye mihogo akipiga kelele, kisha boksibodi likanguruma mpaka makuti ya banda yakatikisika. Baada ya kitambo likatulia, likawa linaunguruma kwa raha kama paka aliyelishwa.

Mwatumu alikuwa amesimama kichwa kikiwa upande, anasikiliza.

"Marehemu mume wangu masikio yake yalikuwa mazito," alisema. "Miaka tisa nilikaa kiti cha mbele nikimsikilizia gari lake. Huniuliza, 'Mwatumu, lasemaje?' nami humwambia."

"Na sasa lasemaje?" aliuliza Idarusi.

"Lasema lina njaa ya njia."

Waliafikiana bei kabla ya adhuhuri, na Idarusi akalipa pesa zote palepale, akiba ya ujana wake wote. Mzee Mjaka alizipokea akamkabidhi binti yake bila ya kuzitazama. Lakini Mwatumu aliongeza sharti moja.

"Likiugua, kaka, njoo uniulize kwanza kabla fundi hajalifungua matumbo."

Asheri alikohoa. Njia nzima ya kurudi Tanga alitega sikio akingoja lizime, na walipofika Amboni gari halijazima hata mara moja ndipo akasema, "Na kuku tungemnunua."

Idarusi aliacha kazi ya mkonge wiki ileile. Akawa anatoka Tanga baada ya sala ya alfajiri, anafika Moa kabla ya jua kupanda sana, na alasiri anarudi. Alipakia watu na mikeka, mbata, nazi, papa wakavu waliofungwa kwa kamba za miyaa, na mara moja alipakia maharusi pamoja na kitanda chao. Mbao za nyuma alizipaka rangi ya kijani. Asubuhi kabla ya kuwasha alilipigapiga boneti kwa kiganja, akasema bismillahi, akaenda.

Wiki ya nne gari likaanza vituko. Linakwenda vizuri maili kumi, kumi na mbili, kisha linakata pumzi, linatetemeka, linazima katikati ya njia. Abiria wanashuka, wanalaumu, wanakaa chini ya mikorosho. Robo saa baadaye ukiliwasha linawaka kama halikufanya kitu, linakwenda maili nyingine kumi, linazima tena.

Asheri alilishika siku tatu. Alifungua kabureta akaisafisha, akafungua pampu, akapuliza mipira yote ya petroli mpaka mashavu yakamuuma. Gari likatoka karakana, likafika Mabokweni, likazima.

"Lina jini," alisema Asheri, naye alikuwa Mkristo.

Hapo Idarusi akakumbuka sharti. Alipanda lori la watu kwenda Moa, akamkuta Mwatumu na baba yake barazani, yeye anasuka ukili, mzee anachambua mbegu. Akaeleza yote.

Mwatumu hakuinua macho. "Likizima, ukifungua kifuniko cha tangi, lafyonza? Fyuuu, kama mtu anayevuta mate?"

Idarusi alifikiri. "Ndiyo. Nilipotaka kutazama petroli nilisikia hivyo."

"Kile kifuniko kina tundu dogo juu, la kuvutia hewa. Nyigu hupenda kulijengea udongo. Petroli ikitoka na hewa isiingie, tangi labana, mashine yakosa kunywa." Aliingia ndani, akarudi na sindano ya kushonea magunia, akampa. "Izungushe taratibu. Na mwambie fundi wako asione vibaya. Marehemu alibadili pampu mbili kabla hatujamjua huyo nyigu."

Idarusi alirudi Tanga, akatia sindano kwenye tundu. Kipande cha udongo kikatoka, kidogo kama punje ya mtama. Tangu siku hiyo gari halikuzima tena njiani kwa ugonjwa huo, na Asheri akakitazama kile kidonge cha udongo kiganjani mwake.

"Yule mama," akasema mwisho, "ana kaka?"

"Hana."

"Basi ningemwajiri yeye mwenyewe."

Ikawa ndiyo desturi. Mkanda wa feni ukilia, Idarusi anauliza Moa. Breki zikivuta upande mmoja, anauliza Moa. Mara nyingine alikuwa hajashuka, Mwatumu anamwambia kutoka barazani, "Gurudumu la nyuma la kushoto limelegea nati, kaka, nimelisikia toka penye msikiti." Na kweli. Mzee Mjaka hukaa palepale siku zote, kofia imemfika machoni, kama amesinzia, lakini hakuna neno lililompita.

Idarusi alianza kuona kwamba saa za Moa zina nuru ambayo saa nyingine hazina. Alianza kunyoa ndevu Alhamisi jioni, maana Ijumaa ndiyo siku aliyosali Moa na kukaa barazani saa mbili akingoja abiria. Akanunua kanzu mpya. Asheri alipomwuliza dereva wa mbata na papa anataka kanzu nyeupe ya nini, alisema ni kwa ajili ya vumbi.

Tatizo likawa moja tu. Kwa matunzo yale, gari likapona kabisa. Wiki ikapita halina neno. Wiki ya pili halina neno. Idarusi alilizunguka asubuhi akilisikiliza, akilitikisa milango, akitamani hata taa ingekatika. Gari lilikuwa na afya kama fahali. Ijumaa ya tatu ikaingia hana la kuuliza, na kwenda kwenye baraza ya watu bila la kuuliza ni aibu.

Basi hatua chache kabla ya nyumba za Moa alisimamisha gari pembeni, akashuka peke yake, akachokonoa kifuniko cha gurudumu la mbele, akaokota kokoto tatu akazitia ndani, akakibana. Gari likaingia Moa likilia kocho-kocho-kocho kama mtu anayepika bisi.

"Dada Mwatumu," alisema Idarusi, uso mkavu, "sijui ni nini leo."

Mwatumu aliweka ukili wake chini. Alishuka barazani, akamwambia alisogeze gari hatua chache mbele, kisha nyuma. Kocho-kocho. Aliinamisha kichwa, akasikiliza. Akalizunguka gari mara moja, akarudi penye gurudumu la mbele, akachutama, akaingiza ncha ya kisu cha kukatia ukili. Kifuniko kikatoka. Kokoto tatu zikaangukia mchangani, mojamoja, mbele ya baba yake na watu wawili waliokuwa wakingoja gari.

Masikio ya Idarusi yalikuwa yanawaka moto. Mzee Mjaka aliinua kofia yake kidogo, akazitazama zile kokoto.

"Weye, Idarusi," akasema. "Hizi za hapahapa Moa. Gari limeziokota lini, na lilikuwa halijafika?"

Mwatumu alisimama, akajipangusa magoti, akamtazama Idarusi usoni kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Gari haliumwi, kaka," alisema. "Mara nyingine ukitaka kuja, njoo na wazee. Usije na kokoto."

Akaingia ndani. Idarusi alibaki amesimama na kifuniko mkononi. Ilimchukua muda, abiria wamekwisha kupanda na honi imekwisha kupigwa na mtu mwingine, ndipo maneno yale yakamwingia vizuri. Alicheka peke yake mpaka Duga.

Mama yake, Bi Kijakazi, hakucheka.

"Mjane?" alisema, naye yuko jikoni anasonga ugali. "Miaka yote hii umekaa, nikadhani mwanangu anachagua hurulaini, kumbe alikuwa anamngoja mjane wa Moa!"

Idarusi alitaka kumwambia yale maneno yake ya gari jipya na gari lililokwisha kukaa na watu. Alifungua mdomo, akauona mwiko mkononi mwa mama yake, akaufunga.

"Mama," akasema, "nenda ukamwone tu."

"Nitakwenda. Lakini nikisema hapana, ni hapana."

Kwa desturi mwenye kuposa haendi posani. Lakini gari la kuwapeleka wazee lilikuwa lake, na dereva alikuwa yeye. Wajomba zake wawili wakamwonya kabla hajawasha, "Leo wewe ni dereva tu. Mdomo wako uuache hapa Usagara." Akakubali. Bi Kijakazi alikaa mbele na kapu lake, wajomba nyuma na majoho yao, wakaondoka baada ya adhuhuri.

Walipita Duga vizuri. Maili moja kabla ya Moa, mvuke ukaanza kufuka kutoka kwenye boneti, kidogo, kisha mwingi kama chungu kilichofunuliwa. Idarusi akasimamisha gari. Rejeta ilikuwa imepasuka chini, ufa mwembamba, na maji yanachuruzika mchangani. Maji ya akiba aliyokuwa nayo yalipita palepale yakatoka.

Bi Kijakazi alishuka, akakaa juu ya jiwe, akajipepea kwa ncha ya buibui. "Hata gari limekataa," alisema.

Idarusi hakujibu, maana alikatazwa kusema. Alimsimamisha mwendesha baiskeli aliyekuwa akienda Moa, akamnong'oneza apeleke habari kwa Mzee Mjaka kwamba wageni wamekwama.

Yaliyotokea Moa alikuja kusimuliwa baadaye. Mzee Mjaka, amevaa joho lake, halua imekwisha kupangwa kwenye sinia, alipoisikia habari ile alipiga kofi gotini akasema, "Kokoto tena!" Lakini Mwatumu alimwuliza mwenye baiskeli swali moja tu. Moshi ni mweupe au mweusi? Mweupe. Na chini kumelowa? Kumelowa. Mwatumu akaingia jikoni, akachukua manjano yaliyosagwa, yamefungwa karatasini, akajaza maji ndoo mbili. Shangazi yake alipiga kelele kwamba tangu dunia iumbwe mposwa hajawaendea waposaji barabarani. "Basi twende wote, shangazi," alisema Mwatumu, "wewe beba hii moja." Na mzee naye akafuata nyuma na fimbo yake, joho na yote.

Bi Kijakazi aliwaona wakitokea kwenye upindo wa njia, mwanamke mrefu na ndoo kichwani, mwanamke mzima nyuma yake anagomba, na mzee. Hakujua ni kina nani.

"Shikamoo mama," alisema Mwatumu, akitua ndoo. "Poleni na njia."

"Marahaba mwanangu. Tushapoa."

Mwatumu alimgeukia Idarusi bila ya kumtazama. "Limepoa?"

Idarusi akatikisa kichwa kuitikia. Mdomo wake ulikuwa bado uko Usagara. Akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, Mwatumu akamimina maji nusu, akakoroga manjano kwenye kata, akayatia yote, akaongeza maji.

Bi Kijakazi aliinuka kwenye jiwe. "Mwanangu! Unaliungia mchuzi?"

"Ndiyo, mama. Manjano yakichemka huenda yakaganda penye ufa, yakaziba. Si dawa ya kudumu, lakini litafika, na kesho litarudi. Kaka, liwashe."

Idarusi aliwasha. Matone ya rangi ya manjano yakadondoka chini, moja, mbili, tano. Halafu yakapungua. Halafu yakakoma. Wajomba wawili waliinama wakichungulia chini ya gari, majoho yao yakiburura mchangani, wakasema subhanallah kwa pamoja.

Bi Kijakazi alimtazama yule mwanamke toka juu mpaka chini, mikono yake yenye manjano, kanga yake iliyolowa. "Huyu binti," akamwuliza Mzee Mjaka, "ameolewa?"

Mjomba mmoja alikohoa. Mzee Mjaka alisimamisha fimbo yake.

"Huyu ndiye mliyemjia, bibi."

Tumbo la Bi Kijakazi likaanza kutikisika, akashika mlango wa gari, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na shangazi mtu naye akashindwa kununa, akacheka. Bi Kijakazi aliufungua mlango wa mbele, akamsukuma Mwatumu apande, akapanda naye akambana katikati.

"Idarusi," alisema, "ukimkosa huyu, usirudi kwangu. Nitakaa naye mimi."

Idarusi alisahau kwamba amekatazwa kusema. "Ndiyo, mama," alisema, na gari likaingia Moa likinukia mchuzi.

Harusi ilifanyika mwezi uliofuata. Mahari yalikuwa ya wastani, na gari lilipambwa kwa makuti machanga na vikuba vya maua toka boneti hadi nyuma. Mwatumu alihamia Usagara, na baada ya siku za fungate alirudi kwenye kiti chake cha zamani, kiti cha mbele, Ijumaa kwa Ijumaa, akienda kumwona baba yake na kusikiliza.

Mwaka wa pili, mwezi wa Mfungo Sita, walikuwa wakiwaleta watu wa Moa kwenye Maulidi mjini, na Mzee Mjaka akiwamo. Gari limejaa, akina mama wana chupa za marashi na vyetezo mapajani, watoto wamepakatwa. Walipopita Duga Idarusi alitazama saa ya maili, akapunguza mwendo.

"Mwatumu, hebu ona."

Ilisomeka tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na nane.

"Na ikijaa tisa zote?" aliuliza Mwatumu. "Hakuna nyumba ya sita."

"Ndipo tuone."

Habari ikaenda nyuma kwa minong'ono. Watu wakaanza kuinuka, kila mmoja anataka kuona. Idarusi aliendesha polepole mpaka mbuzi mmoja akawapita. Tisa tano zikajipanga. Kisha ya mwisho ikaanza kujiviringisha, ikavuta ya pili, ya pili ikavuta ya tatu, zote zikapanda pamoja taratibu, na pakabaki sifuri tano nyeupe, safi kama meno ya mtoto.

Idarusi alisimamisha gari katikati ya njia. Walishuka wote, wakapanga mstari, wakawa wanachungulia dirishani mmojammoja, kila anayetoka anasema, "Kweli! Hakuna kitu!" Bibi mmoja alipiga kigelegele, wenziwe wakampokea. Mwingine akafungua chupa yake ya marashi, akalinyunyizia boneti.

"Sasa hili ni jipya?" akauliza huyo wa marashi.

"Jipya," alisema Mzee Mjaka. "Tatizo miye sina nauli ya gari jipya. Nitaenda kwa miguu."

"Panda tu, baba," alisema Idarusi. "Ni lilelile. Limeona haya kutaja umri wake."

Walifika Tanga wanaimba, na watu wa mjini walidhani ni harusi.

Miaka ikaenda hivyo. Mashine ilifunguliwa mara mbili kwa ajili ya kubadilishwa pete za pistoni, na mara zote mbili Asheri alimngoja Mwatumu aje asikilize kwanza. Mbao za nyuma zilibadilishwa, rangi ikawa ya kijani tena. Wakapata watoto wawili, na wa kwanza alijifunza kulala usingizi garini, akitiwa kitandani analia. Mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na tisa zile sifuri tano zilirudi tena, safari hii usiku wa manane kwa hesabu ya Asheri na adhuhuri kwa hesabu ya Idarusi, wakabishana wiki nzima. Ukweli ni kwamba Mwatumu ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na hakuwaambia ilikuwa saa ngapi.

Maana alikuwa amejifunza. Idarusi alimfundisha siku mbili kwenye njia za mashamba ya mkonge, wakagombana siku zote mbili, maana yeye alisema kanyaga klachi sasa na Mwatumu alisema gari halijaomba. Asheri akaingilia kati, akamaliza kazi kwa wiki moja. Mtihani wa leseni alifanya kwa afisa wa polisi ambaye, kwa mshangao, alimrudisha mara mbili kwenye mlima kuona kama alibahatisha. Hakubahatisha.

Mwaka huohuo wakasikia kwamba bwana mmoja wa utafiti kule Amani anarudi kwao Ulaya na anauza gari lake. Watoto waliachwa kwa Bi Kijakazi, wazazi wakapanda mlima na boksibodi lao. Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi, Mwatumu amevaa koti la mumewe juu ya buibui. Yule bwana alitaka kuwaonyesha viti na redio. Mwatumu alimwomba kwa adabu aliwashe tu, kisha alizime, kisha aliwashe tena, naye amesimama kichwa upande.

"Limekwenda maili ngapi?" akauliza.

"Arobaini na nane elfu," alisema Idarusi.

"Changa," alisema Mwatumu. "Valvu moja yagonga kidogo, lakini kwa adabu. Tulichukue."

Yule bwana alipotafsiriwa habari ya valvu alikiri kwamba ameisikia mwezi mzima, akapunguza bei bila ya kuombwa.

Idarusi alikuwa amepanga kurudi kesho yake na Asheri kulichukua. Lakini alipomaliza kutia sahihi na kugeuka, mkewe alikuwa amekwisha kukaa kwenye usukani wa boksibodi, amevuta kiti mbele, amefunga ushungi.

"Njia hii ina kona nyingi," alisema Idarusi.

"Nimezihesabu tulipokuwa tunapanda."

Akatangulia. Idarusi alimfuata na gari la pili, jasho likimtoka katika baridi ile, akimtazama anavyokata kila kona kwenye gia ndogo bila ya kugusa breki, akipiga honi kabla ya kila pindo, mbega wakikimbia matawini. Walipofika Muheza Idarusi alishusha pumzi, akasimama penye wauza machungwa, akijua mkewe naye atasimama. Mwatumu alitoa mkono dirishani, akampungia, akaenda zake.

Alimpata Pongwe. Alikuwa ameegesha pembeni, ameshuka, anamsikiliza anavyokuja.

"Umelikimbiza," alisema.

"Na wewe je?"

"Miye nilikuwa nakwenda polepole tu. Umeleta machungwa?"

Walikula machungwa mawili wamesimama barabarani, wakitema kokwa majanini. Idarusi akamwambia kwamba sasa anaweza kupumzika, wabadilishane, yeye ataendesha boksibodi mpaka nyumbani. Mwatumu akanawa mikono kwa maji ya chupa, akapangusa kwenye koti la mumewe.

"La," alisema, akapanda, akawasha, akatangulia Tanga.